Dakika 30 za Naabi: kisa cha kibali kilichoisha njiani

Wageni wanne, dereva-mwongozaji, mpishi, na Land Cruiser moja yenye paa la kufunguka. Ni mwezi Februari, safari ya siku nne: kutoka Arusha, kulala Serengeti mara mbili, kulala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro (shimo kubwa la volkano) mara moja, kisha kurudi. Ratiba kama hii huuzwa kila wiki. Siku ya tatu gari lilifika lango la Naabi Hill, la kutokea Serengeti, nusu saa baada ya kibali kuisha, na nusu saa hiyo ikagharimu dola 330.40 za Marekani.

Hakuna kundi moja lililofanya kila kosa lililomo humu. Ni makosa yanayojirudia msimu hadi msimu, tumeyapakia kwenye gari moja ili ionekane jinsi moja linavyolisukuma jingine. Na tuseme mapema: waliokuwa ndani ya gari lile wote walimlaumu chui na tairi, lakini kilichowachelewesha kilitokea siku mbili kabla, wakati wanakula.

Saa inaanza kuhesabiwa wapi

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inasimamiwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambalo barabara kuu ya kutoka Arusha inalikatiza, linasimamiwa na NCAA, mamlaka ya Ngorongoro. Mamlaka mbili, vibali viwili, malipo mawili. Anayekwenda Serengeti kwa njia hii hulipa Ngorongoro wakati wa kwenda na hulipa tena wakati wa kurudi, hata kama alipita tu bila kushuka garini. Kwa viwango vya 2024, mtu mzima asiye mkazi alilipa Ngorongoro dola 60, na Serengeti dola 70 katika msimu wa juu wa kuanzia Mei 16 hadi Machi 14. Ongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na utapata 70.80 na 82.60. Mtanzania mtu mzima alilipa Serengeti shilingi 11,800 pamoja na VAT. Ndiyo maana familia ya hapa nchini ikichelewa huona ni usumbufu tu, ila kampuni yenye wageni wanne huona faida ya safari nzima ikiyeyuka.

Kila kibali kina saa 24, nazo huanza kuhesabiwa pale unaposajiliwa langoni. Si asubuhi ya siku hiyo, si unapofika kambini. Ukilala mara mbili una saa 48 kamili, na unatakiwa uwe umetoka kabla dakika ileile uliyoingia haijafika. Kwenye karatasi muda huandikwa kwa mtindo wa saa 24, yaani 13:20, wakati dereva na mpishi wanazungumza saa saba na dakika ishirini, na mgeni ana 1:20 mkononi. Tofauti hii ndogo imewahi kuwakosesha watu muda kuliko matope. Dereva makini huandika saa ya kutoka kwa namna zote mbili kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya dashibodi, mahali ambapo hata mgeni wa kiti cha mbele anakiona.

Siku ya kwanza, chakula cha mchana

Waliondoka Arusha saa 12:30 asubuhi. Lami ni nzuri kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, na walijaza mafuta Karatu. Saa 3:30 walikuwa Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, ambako lami inaishia. Kibali cha NCAA kiliwachukua dakika 45. Walisimama kidogo ukingoni kutazama kreta kutoka juu, kisha wakateremka upande wa magharibi kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, na saa 7:05 mchana wakaegesha Naabi.

Naabi ni kilima cha mawe katikati ya tambarare, na palepale langoni kuna ofisi, vyoo na sehemu yenye meza za kulia chakula. Hapa dereva alifanya kile ambacho dereva yeyote mwenye bidii angekifanya: aliwaacha wageni wafungue lanchi boksi, akakimbilia dirishani kumaliza karatasi mapema. Saa 7:20 kibali kikawa tayari. Kisha akajiunga nao, wakala, wakapanda njia ya juu ya kilima kupiga picha, wakaenda msalani. Gari lilivuka kizuizi saa 8:15.

Dakika 55 kati ya 7:20 na 8:15 zilikuwa tayari zimelipiwa, na zililiwa pamoja na mapaja ya kuku. Angekula kwanza akasajili baadaye, gari lingevuka kizuizi saa ileile ya 8:15, wangeona wanyama walewale mchana ule, wangefika Seronera, katikati ya Serengeti, jioni ileile. Tofauti pekee ingekuwa kwamba mwisho wa kibali siku ya tatu ungekuwa saa 8:15 badala ya 7:20. Shika namba hizo mbili.

Kuna siku ambayo kusajili haraka ni sahihi. Foleni ikiwa ndefu, hasa kati ya saa sita na saa nane mchana magari yanapofika kwa pamoja, dereva hupanga foleni huku wageni wakila, lakini akifika dirishani kabla wenzake hawajamaliza anaweza kumpisha wa nyuma. Na anayefika Naabi alasiri hana anasa hiyo, kwa sababu magari hayaruhusiwi kutembea hifadhini baada ya saa 1 usiku, na Seronera bado iko mbali.

Siku ya tatu

Walikuwa wamepiga kambi Nyani, mojawapo ya kambi za umma za Seronera. Saa 12:15 asubuhi walitoka kuzunguka, mpishi akabaki na mahema. Saa 1:40 wakampata chui juu ya mnyegea kando ya mto Seronera. Walikaa naye hadi saa 3:20. Baada ya hapo wageni waliomba bwawa la viboko la Retima, ambalo liko kaskazini ya Seronera, yaani upande wa kinyume kabisa na lango la kutokea. Walirudi kambini saa 4:40, wakapata kifungua kinywa kizito, wakakunja mahema, wakapakia, na kuondoka saa 5:50.

Seronera hadi Naabi, bila kusimama na bila kuvuka mwendo unaoruhusiwa wa kilomita 50 kwa saa, gari hili kwenye barabara ile ya mikunjo lilihitaji takribani saa moja na dakika 25. Kwa hiyo walipotoka kambini, hesabu iliwapa dakika tano za akiba. Dakika tano kwenye barabara ya Serengeti si akiba. Kundi la nyumbu likiamua kuvuka, anaanza mmoja na waliobaki hufuata mstari, na mstari huo hausimami kwa sababu wewe una kibali kinachoisha.

Chui hakuwa kosa. Watu wanavuka bahari kwa ajili ya chui, na dereva anayewang'oa wageni chini ya mti baada ya dakika kumi kwa ajili ya saa ya lango atakumbukwa vibaya kuliko anayewachelewesha. Kosa lilikuwa kuelekea kaskazini baada ya chui. Februari kundi kubwa la nyumbu liko kusini, kwenye nyanda za majani mafupi zinazoanzia Naabi na kuendelea hadi Ndutu, kwa sababu majani ya udongo ule wa majivu ya volkano yana madini wanayohitaji majike wanaonyonyesha. Ni mwezi wa kuzaa. Ndama husimama na kukimbia ndani ya dakika chache, na fisi na duma wanalijua hilo. Maana yake, sehemu tajiri kuliko zote mwezi huo iko njiani kuelekea lango. Mzunguko wa asubuhi ya kuondoka ulipaswa kufuata barabara ya kusini, kupitia vilima vya miamba vya Simba Kopjes, ukisogea langoni kidogo kidogo. Septemba, nyumbu wakiwa kaskazini kando ya mto Mara, ushauri huu hauna maana. Wakati huo asubuhi ya mwisho ni ya safari, na anayeahidi kitu kingine anadanganya.

Tatizo la pili lilikuwa kambi. Kurudi kula na kupakia kuliwachukua saa moja na dakika kumi. Jibu linalotolewa haraka ni "pakieni kabla ya alfajiri." Ni rahisi kusema. Kwa kuwa mpishi, majiko, mahema na mabegi vyote vinapanda gari moja, kupakia mapema kunamaanisha mpishi kuamka saa 10 alfajiri, kukunja mahema yenye umande gizani, kwenye kambi isiyo na uzio ambamo fisi hupita. Kinachofanya kazi ni kugawa kazi: jioni ya pili mpishi anafunga sanduku la jikoni lote isipokuwa birika, vikombe na jiko moja; wageni wanafunga mabegi kabla ya kulala; alfajiri wanakunywa chai tu, na kifungua kinywa kinawekwa kwenye maboksi. Mahema ya ndani hukunjwa makavu, na turubai la juu lililolowa huingia kwenye mfuko wake wa plastiki na kuanikwa dakika kumi mchana. Gari linaondoka saa 12:45 likiwa na kila kitu na kila mtu. Mpishi anaona chui pamoja na wengine, jambo ambalo kwa miaka mingi ratiba za safari zimelisahau.

Tairi lililoshatoa taarifa

Saa 6:25 mchana, tairi la nyuma kushoto likaisha upepo. Dakika 35 zikapotea. Wote waliiita bahati mbaya.

Jioni iliyotangulia, dereva alipozunguka gari kama ilivyo desturi, aliona tairi hilo limelala kidogo kuliko wenzake. Alilijaza upepo kwa kompresa ya kuchomeka kwenye betri, likasimama, akalala. Tairi linalopungua upepo taratibu ndilo hatari kuliko zote kwenye barabara ya mikunjo: ukuta wake hujikunja zaidi kila linapozunguka, hupata joto, na tundu la ukubwa wa sindano hugeuka mpasuko. Seronera kuna mafundi wa pancha na mafuta. Ziba pale jioni hiyo, dakika 20 hivi, au angalau badilisha na spea kambini kwenye ardhi ngumu, na tairi bovu ndilo libaki mgongoni mwa gari.

Kwa nini dakika 35 na si 15? Jeki ilikuwa chini ya sanduku la jikoni, na sanduku lilikuwa chini ya mahema. Kipande cha ubao cha kuwekea chini ya jeki hakikuwepo, kwa hiyo jeki ilizama kwenye changarawe laini mara ya kwanza. Vitu vitatu vinapaswa kufikika bila kushusha mzigo hata mmoja: jeki, spana ya magurudumu, na ubao mnene wenye upana wa kama sentimita 30. Na spea ziwe mbili. Ukishaitumia ya kwanza bado una zaidi ya kilomita 100 za changarawe hadi Loduare.

Kubadilisha tairi hifadhini kuna utaratibu wake, maana kushuka garini nje ya sehemu zilizoruhusiwa ni marufuku na hapa unalazimika. Simamisha gari mahali palipo wazi, hata kama ni kusogea mita 50 zaidi kwa tairi bovu; rimu inauzwa, mguu hauuzwi. Kabla ya yeyote kushuka, mmoja asimame kwenye paa lililo wazi na azungushe darubini pande zote, nyasi na vivuli. Ita gari lolote lililo karibu kwa redio kolu. Legeza nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, weka mawe kwenye magurudumu ya upande mwingine, ndipo uinue. Gari likiwa juu ya jeki, watu hawakai ndani. Wasimame pamoja kwenye ubavu wa gari, upande unaoonekana mbali, na mlinzi aendelee kuangalia. Kwenye nyanda za majani mafupi hili ni jambo jepesi kwa kuwa unaona hadi upeo. Kwenye vichaka vya mto Seronera usilijaribu bila gari la pili. Nati zikazwe kwa kuruka, ya juu kisha ya chini, si kwa kuzunguka, na zikaguliwe tena baada ya kilomita kadhaa za kutikiswa.

Walipoanza kuondoka ilikuwa saa 7:00 kamili. Mgeni mmoja akauliza kama dereva hawezi kukimbiza. Zilibaki kama kilomita 30, ambazo kwa barabara ile zilihitaji dakika 50. Hata kwa mwendo wa 80 bila kupunguza popote ni dakika 22 na nusu, na kibali kilibakiza dakika 20. Wangechelewa vilevile, na juu yake wangeweka mezani faini ya mwendo, changarawe inayoteleza kama mtama, na ndama wa wiki moja ambaye hajawahi kuona gari. Dereva alikataa. Katika kisa chote, hilo ndilo uamuzi uliofanywa vizuri kuliko mengine yote.

Dirishani

Walifika saa 7:50. Kibali kilikuwa kimeisha saa 7:20. Wageni wanne mara dola 82.60 ni dola 330.40, bila kuhesabu dereva, mpishi na gari. Kama karatasi ya siku ya kwanza ingesomeka 14:15, wangefika wakiwa na dakika 25 mkononi: pamoja na chui, viboko, kifungua kinywa kizito na tairi.

Malipo nayo yana kikwazo chake. Lango halipokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo ya serikali na kulipa kwa kadi, benki au simu. Dereva alikuwa na shilingi taslimu za dharura na kadi ya kampuni iliyopakiwa kiasi cha ada zilizopangwa tu. Kupiga simu ofisini Arusha, kusubiri kadi iongezwe fedha na mtandao utulie kuliwachukua dakika 40 nyingine. Kadi ya safari iwe na akiba ya angalau siku moja ya ada ya kila mgeni. Isipotumika inarudi.

Jambo moja ambalo wengi hawalipigii hesabu: saa ya Ngorongoro inavuta upande wa pili. Wakitoka Naabi saa 7:20, kibali chao kipya cha NCAA kinaisha kesho yake saa 7:20, na ndani yake wanapaswa kushuka kreta, kuzunguka, kupanda na kutoka Loduare. Kushuka kreta, kwa viwango hivyohivyo vya 2024, kulilipiwa dola 295 kwa gari kila unaposhuka, VAT ikiwemo, kwa hiyo hakuna anayetaka kuharakishwa kule chini. Ukitoka Serengeti saa 4 asubuhi kwa woga wa kuchelewa, unajikata muda wa kreta kesho yake, na huenda ukalipa faini ya woga Loduare badala ya Naabi. Saa nzuri ya kuvuka Naabi kwa ratiba hii ni kati ya saa 7:30 na saa 8:30 mchana: asubuhi ya Serengeti inatosha, unafika ukingo wa kreta kabla ya jua kuzama, na kesho una hadi mchana kutoka. Ukingo uko juu, kama mita 2,300, na kusimika hema lenye umande kwenye baridi ile gizani ni adhabu tosha.

Nani alipe? Mkataba ulisema "ada zote za hifadhi," na kampuni ikalipa. Ilikuwa haki, kwani wageni hawakuwahi kuambiwa kuwa asubuhi ile ina bei. Chini ya mti wa chui, saa 3:00, dereva angeweza kusema waziwazi: tukienda kwa viboko tutabaki na dakika chache mno, na tukichelewa ni dola 82.60 kwa kila mmoja, mnataka? Kuna wageni ambao wangejibu ndiyo bila kupepesa, na wangelipa wenyewe wakiwa wametabasamu.

Na ukishachelewa, umechelewa. Kibali kipya kina saa 24, si dakika 30. Walipoelewa saa 7:00, pale kwenye tairi, kwamba hawatafika kwa wakati, hapakuwa na sababu ya kwenda moja kwa moja dirishani. Saa 48 zao zingeisha vyovyote, na kwa siku mpya watakayoilipia wangeweza kukaa kwenye tambarare ya Naabi katikati ya nyumbu wanaozaa hadi saa 9:00, kisha wavuke na bado wafike ukingoni mwanga ukiwepo. Wao walilipa siku nzima na kuitumia kwenye maegesho, wakisubiri mtandao.